Jinsi ya kuusoma msalaba wa kale wa mawe kwenye makaburi ya kanisa la kijijini

Mara ya kwanza kuuona msalaba wa Gosforth, kijiji cha Cumbria kaskazini-magharibi mwa England, nilikaa nao dakika tano tu. Ilikuwa mchana, mawingu, manyunyu yale ya Cumbria yasiyokwisha, nikaona nguzo nyembamba ya jiwe jekundu imesimama katikati ya makaburi ya kanisa la St Mary's, nikapiga picha mbili nikakimbilia kwenye gari. Nyumbani nazifungua zile picha, hamna kitu, ni jiwe tu limelowa. Mwaka uliofuata nikarudi mwezi wa tisa, jioni, jua linashuka upande wa baharini, na ule upande wa magharibi wa jiwe ukafunguka wote. Chini kabisa kuna mtu kafungwa mikono na miguu, na mbele yake mwanamke kashika bakuli. Nilisimama pale mpaka jua likaisha. Aliyefungwa ni Loki wa hadithi za Wavaikingi, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, na mwanamke ni mkewe Sigyn, anakinga sumu ya nyoka isimdondokee mumewe usoni. Hadithi ya wapagani kabisa, kwenye msalaba, kwenye kiwanja cha kanisa, na imekaa pale nje tangu karne ya 10.

Tangu jioni ile kila nikipata ofu nazunguka vijijini kutafuta misalaba hii, na wenzangu wengi wa huku Uingereza wananiuliza unaionaje wewe hizo picha maana sisi tukienda tunaona jiwe tu. Basi naandika kila kitu ninachojua hapa, mtu achukue atakachotaka.

Nianze na hili maana lazima litaulizwa. Mi ni mtu wa Lamu, Muislamu, na ndugu zangu huniuliza misalaba yanihusu nini. Nimekulia kwenye milango ya nakshi na bibi yangu alikuwa akisuka mikeka barazani kila siku ya Mungu. Fundi aliyechonga mawe haya miaka elfu moja na zaidi iliyopita alikuwa anafanya kazi ileile ya mkono na macho, nikiiona naitambua, na kazi ya mkono namna hii ikipotea hairudi. Heshima ya mahali naiweka kama ninavyoiweka makaburini kwetu, sikanyagi kaburi, sipigi kelele, nikikuta mazishi naondoka narudi siku nyingine.

Kwanza jua unatafuta nini

Ukisikia msalaba wa zama za kati usidhani yote ni ya aina moja. Kuna ile ya mapema, takriban karne ya 8 hadi ya 11, hii ndo yenye nakshi mwili mzima, misokoto, wanyama, mizabibu, watu, saa nyingine na maandishi ya runi, yaani zile herufi za mistari iliyonyooka walizotumia Waingereza wa kale na Wavaikingi. Gosforth ni wa kundi hili, Bewcastle karibu na mpaka wa Scotland pia, Eyam kule Derbyshire, Nevern kule Wales, na kwa Ireland uko ule wa Muiredach pale Monasterboice. Alafu kuna ya baadaye, karne ya 14 na 15, hii haina mambo mengi mwilini, ina ngazi kadhaa chini, juu yake jiwe kubwa lenye tundu, na kwenye tundu limesimikwa jiwe refu, mara nyingi lenye pembe nane. Ya namna hii imejaa Somerset, Gloucestershire na Herefordshire, na nyingi utakuta imekatwa kichwa, imebaki ngazi na kisiki tu.

Usikipite kile kisiki ukadhani ni takataka! Mi nimekipita mara ngapi kabla sijaelewa. Pale ndo watu wa kijiji walikuwa wanasimama, maandamano ya Jumapili ya Matawi yalikuwa yanazunguka kiwanja na kusimama msalabani, ibada inasomwa nje, na kule Herefordshire baadhi ya mawe ya chini yana kijidirisha kilichochongwa ndani, kama kile kidaka cha ukutani kwenye nyumba za Lamu, inaaminika ndimo ilimowekwa ekaristi, yaani mkate uliobarikiwa, wakati wa maandamano. Dada mmoja wa Bukoba ninayefanya naye kazi nilimwonyesha picha ya kidaka kile akanielezea Jumapili ya Matawi ya kwao mwanzo mpaka mwisho, na mi nikaelewa kwa mara ya kwanza mbona ngazi zile ni pana vile.

Vichwa vilikwenda wapi? Vilivunjwa. Baada ya mageuzi ya dini karne ya 16 misalaba ikaonekana ni sanamu, na mwaka 1643 bunge la Uingereza likaamuru iondolewe makanisani na kwenye viwanja vyake. Visiki vingine vikawekewa saa ya jua juu, vingine baada ya vita vya kwanza vya dunia vikawekewa kichwa kipya vikawa kumbukumbu ya vijana wa kijiji waliokufa vitani. Kwa iyo jiwe moja linaweza kuwa na ngazi za karne ya 15, majina ya 1914 mpaka 1918 na kichwa cha juzijuzi, na yote ni historia yake, usidharau kipande chochote.

Jihadhari na hili sasa. Misalaba mingi yenye pete duara kichwani, ile watu wanaiita ya Kikelti, ukiikuta makaburini ni ya karne ya 19 au mwanzo wa 20. Watu walipenda mtindo wa kale wakaurudisha. Tazama kama kona bado ni kali, kama jiwe limeng'arishwa kwa mashine, kama kuna jina la ukoo na tarehe ya kufa iliyoandikwa vizuri, basi hilo ni kaburi la mtu wa juzi. Wa kujifunzia ni ule wa kaburi la mwandishi John Ruskin pale Coniston, huko huko Cumbria, ulibuniwa na W. G. Collingwood ukasimamishwa 1901, jiwe la kijani la milima ya pale pale, una misokoto na wanyama kama ya miaka elfu nyuma. Ni mzuri sana lakini ni wa 1901, na ukiutazama vizuri wiki hii alafu wiki ijayo uende Gosforth, jicho lako halitadanganyika tena.

Kabla hujatoka nyumbani

Kwa England fungua orodha ya taifa ya urithi inayotunzwa na Historic England, ni bure, unaandika jina la kijiji ramani inakuletea kila kitu kilicholindwa. Wales ni Cadw, Scotland ni Historic Environment Scotland. Misalaba yenye nakshi ya kabla ya 1066 huwa pia kwenye katalogi ya mawe ya Waanglo-Saksoni ya Chuo Kikuu cha Durham, nayo unaisoma bure mtandaoni, kila upande wa jiwe umepigwa picha na kuelezwa. Mi naprinti ukurasa wa jiwe langu au nauhifadhi kwenye simu kwa sababu vijijini netiweki hakuna, Bewcastle kwa mfano simu yangu ilikufa kabisa.

Usafiri usiuchukulie poa. Gosforth unafika kwa treni ya pwani ya Cumbria unashuka Seascale, alafu unatembea au unatafuta teksi. Bewcastle bila gari ni shida, kanisa la St Cuthbert's liko juu kwenye malisho ndani ya ngome ya zamani ya Warumi, upepo mtupu na kondoo. Geti ukilikuta limefungwa, pita afu ulifunge tena, hilo ndo jambo la kwanza watu wa vijijini wanalokuangalia.

Walioko London na hawana nauli ya kwenda kaskazini, kwenye jumba la makumbusho la V&A kuna nakala ya plasta ya msalaba wa Gosforth iliyotengenezwa 1882, na kuingia ni bure. Nayo isikudanganye ukasema nakala ni kitu cha hivi hivi. Ilichukuliwa wakati jiwe lina miaka mia moja na arobaini pungufu ya mvua ilizokula sasa.

Mwanga ndo kila kitu

Hapa nitakaa kidogo maana asilimia kubwa ya watu wanakosea hapa.

Nakshi za jiwe hazina rangi. Zamani huenda zilipakwa, sasa hazina, kwa hiyo unachokiona ni kivuli tu. Mwanga ukija kutoka mbele, au mawingu yakitanda, hakuna kivuli na wewe huoni kitu. Mwanga ukija kwa pembeni, unasugua uso wa jiwe kama kisu kinavyoparua samaki, kila kijishimo kinapata kivuli chake na picha inainuka. Basi kazi yako ni kujua jua litapita lini pembeni ya upande unaoutaka.

Msalaba ukisimama kama unavyopaswa, pande zake nne zinatazama mashariki, kusini, magharibi na kaskazini, sawa na kanisa lenyewe. Upande wa mashariki nenda asubuhi, lakini usiende mapema mno, ukienda jua linachomoza litaupiga usoni, subiri saa nne tano hivi mpaka lianze kukata kwa ubavu. Magharibi ni baada ya adhuhuri linapoanza kugeuka, na kama nafasi yako ni ya jioni kama yangu ile ya mwezi wa tisa, tafuta ile nusu saa jua likiwa limekaa upande wa kusini-magharibi na chini. Kusini ni asubuhi mapema au alasiri sana, na majira ya baridi usiende adhuhuri, maana huku jua la Desemba halipandi, linatembea chini chini siku nzima na litaupiga usoni. Kaskazini ndo mgumu, unapata jua la moja kwa moja majira ya joto tu, alfajiri na jioni kabisa, kwa hiyo wengi hawajawahi kuuona upande wa kaskazini wa msalaba wa kijiji chao. Na fundi alilijua hili kuliko sisi. Pale Bewcastle, jiwe la karne ya 8 au hata mwisho wa ya 7, upande wa kusini amechonga saa ya jua katikati ya mizabibu, na ndo ya zamani kuliko zote zilizobaki England. Aliweka saa mahali jua linapopita, hakubahatisha.

Kama siku haina jua kuna njia nyingine. Chukua mwavuli mweusi mpana, mwenzio aushike kuzuia mwanga wa angani usilipige jiwe, wewe washa tochi uishike kwa pembeni karibu kabisa na uso wa jiwe bila kuugusa, mwanga uwe unateleza. Piga picha tochi ikiwa kushoto, piga tena ikiwa kulia, piga tena ikiwa juu, simu isisogee hata kidogo, iweke kwenye stendi. Ukirudi nyumbani linganisha hizo tatu utashangaa, mstari uliofichika kwenye moja unajitokeza kwenye nyingine. Usiku inafanya kazi vizuri zaidi lakini lazima uongee na msimamizi wa kanisa kabla, namba yake huwa kwenye ubao mlangoni, mtu na tochi makaburini saa tatu usiku majirani watapiga simu polisi na watakuwa na haki.

Mvua ikiwa imenyesha subiri jiwe likauke. Jiwe la mchanga likilowa linakuwa jeusi na vivuli vinapotea. Na tafadhali usilimwagie maji eti upate picha nzuri, wala chaki, wala unga, wala kuweka karatasi na kusugua kwa penseli ya nta. Nimeona watu wanafanya na wanapenda jiwe lao kweli, lakini kila msuguo unaondoka na kitu.

Kusoma, kutoka chini kwenda juu

Zunguka kwanza mara mbili bila simu. Kweli, iweke mfukoni. Mara ya kwanza tazama umbo: Gosforth mwili wake chini ni wa duara na juu unageuka kuwa pembe nne, na ile sehemu ya duara ina michirizo kama magamba ya mti, wengi husema ni ule mti mkubwa wa ulimwengu wa Wavaikingi. Urefu wake ni mita 4.4, jiwe moja, halijaungwa. Mara ya pili tafuta watu na wanyama.

Upande wa mashariki wa Gosforth kuna Kristo amenyoosha mikono, chini yake askari mwenye mkuki na mwanamke wa nywele ndefu mkononi ana kitu kama pembe ya kinywaji, na juu yao mtu anapanua taya za mnyama kwa mguu na mkono, huyo ni Vidar, mungu wa hadithi za Wavaikingi, analipiza kisasi cha baba yake Odin. Daktari Charles Parker ndiye aliyezitambua hadithi hizi za Wavaikingi miaka ya 1880, kabla ya hapo watu walikuwa wanapita wakienda misa na kurudi wasijue. Wataalamu wanabishana fundi alitaka kusema nini kwa kuziweka pamoja. Mi naona watu walikuwa wamehamia nchi mpya, wameoa, wamebatizwa, wakamwambia fundi weka hadithi mpya na ya zamani pia isisahaulike. Sisi tuliohama tunaijua hiyo hali.

Sasa misokoto. Watu wanaipita haraka wanasema ni mapambo. Usiipite. Chagua uzi mmoja, ufuate kwa kidole hewani bila kugusa jiwe, unapita juu, unapita chini, juu, chini, mpaka unarudi ulipoanzia. Bibi yangu angeutazama dakika moja akakwambia ni ukili wa chane ngapi. Kusuka ukili unaanza na chane zako, kila moja ina zamu yake, ukikosea zamu moja mkeka mzima unapinda, na hapa fundi amefanya hivyo hivyo ila kwa patasi na jiwe, hana nafasi ya kufumua. Kwa hiyo tafuta makosa. Kweli yapo! Uzi unaotakiwa kupita chini unapita juu, au kona imebanwa kwa sababu nafasi iliisha. Nilipoliona la kwanza niliona kama nimesalimiana na mtu. Na ukipata msokoto wa pete zilizoshikana kama mnyororo unapanda juu, huo ni mtindo wa Wavaikingi wa Cumbria na kisiwa cha Man, na kule Kirk Michael kisiwani kuna jiwe fundi ameandika kwa runi kwamba Gaut alilitengeneza hili na yote yaliyo Man.

Maandishi yakiwepo yako sehemu ya chini mara nyingi, mahali macho ya mtu aliyepiga magoti yanafika. Pale Monasterboice kwenye msalaba wa Muiredach, jiwe kubwa la kama mita tano na nusu, kumeandikwa kwa Kiayrishi aombewe Muiredach aliyeufanya msalaba utengenezwe, na anadhaniwa ni yule mkuu wa monasteri aliyefariki 923. Miguuni pa maandishi hayo kuna paka wawili wamechongwa wakajitokeza kabisa. Mtu wa Lamu utawapita vipi paka hao, nilichuchumaa pale mpaka magoti yakauma.

Kuandika ulichokiona

Picha moja ya facebook haimsaidii mtu. Piga msalaba wote pamoja na kanisa nyuma ili ijulikane uko wapi, alafu kila upande umesimama sawasawa mbele yake, andika papo hapo upi ni upi maana ukifika nyumbani utachanganya, nimechanganya mara nyingi. Weka rula au kijiti ulichokipima kando ya jiwe, kisimame chini, kisiegemee jiwe. Urefu usipande juu kupima, msimamishe mtu unayejua kimo chake kando ya msalaba, sogea mbali kabisa, piga, alafu hesabu kwenye picha. Upana na unene pima kwa tepu ya kitambaa bila kuibana. Andika aina ya jiwe, la mchanga, la chokaa, au graniti kama ya Cornwall ambayo ni ngumu na nakshi zake huwa za kina kifupi, andika palipopasuka, palipobabuka, chuma kilichochomekwa, viraka vya saruji. Tarehe, saa, hali ya hewa.

Ukitaka kutengeneza umbo la 3D kwa simu hiyo sasa ndo siku ya mawingu unaitaka, kinyume na yote niliyosema juu, maana vivuli vikihama programu inachanganyikiwa. Zunguka jiwe raundi tatu, simu chini, simu kifuani, simu juu ya kichwa, kila picha ifunike theluthi mbili ya iliyotangulia, usitumie flashi, hata picha mia si nyingi. Baada ya miaka mitano ukirudia unaweza kulinganisha na kuona jiwe limepoteza nini, na hapo una kitu ambacho hata wataalamu watakishukuru.

Peleka nakala kwenye rejesta ya mambo ya kale ya kaunti husika, kila kaunti inayo, na moja kwa msimamizi wa kanisa. Cumbria kuna pia chama cha wapenda mambo ya kale cha tangu 1866, wanapokea wageni.

Yanayoua jiwe

Maji yanaingia kwenye vijitundu, baridi inakuja, yanaganda, yanavimba, ganda la juu linabanduka na nakshi yake. Hilo huwezi kulizuia kwa mkono wako. Ila mengi mengine ni watu kwa nia njema.

Kijiji kimoja sitakitaja nilifika nikakuta msalaba umesuguliwa kwa brashi ya waya na dawa ya kusafishia, watu walikuwa wanajiandaa kwa sherehe wakataka upendeze. Ulikuwa unang'aa kweli. Nilipoinama nikaona juu ya ngazi chembechembe za mchanga zimejaa kama sukari imemwagika, na kona za msokoto ambazo kwenye picha ya zamani zilikuwa kali zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Yule mzee aliyesugua alinieleza kwa fahari na sikujua nimjibu nini, nikamwonyesha picha ya zamani na tukanyamaza wote wawili.

Yale madoa ya kijivu, meupe na njano juu ya jiwe ni likeni, ni viumbe hai vinavyokua polepole mno, vingine vina umri mkubwa kuliko mtu yeyote kijijini, na ukivibandua vinaondoka na ngozi ya jiwe. Viache. Kwenye majani, mashine ya kufyekea yenye kamba inakula jiwe la chini kila wiki, omba waache duara la majani marefu kuzunguka ngazi au wakate kwa mkono. Usitie sarafu kwenye nyufa, usiwashe mshumaa juu yake.

Na saruji, hii inaniuma kwa sababu naijua kutoka nyumbani. Nyumba za matumbawe za Lamu zilijengwa kwa chokaa, chokaa inapumua, maji yanaingia na kutoka. Anakuja mtu anapiga plasta ya saruji, maji yanafungiwa ndani, baada ya miaka kadhaa ukuta unaoza kutoka ndani. Msalaba ni vilevile. Kiraka cha saruji ni kigumu kuliko jiwe, kwa hiyo jiwe ndo linalokufa pembeni yake na kiraka kinabaki. Vyuma vya karne ya 19 navyo vinapata kutu, vinavimba, vinapasua. Kurekebisha ni kazi ya fundi wa mawe ya kale anayejua chokaa, na kwa makanisa ya Anglikana England hakuna kugusa bila kibali cha maandishi cha mahakama ya dayosisi, na kama msalaba ni mnara uliolindwa kwa sheria ya 1979 kuuharibu au kutumia kigundua chuma pale bila ruhusa ni kosa la jinai.

Uhamishwe ndani au ubaki?

Ruthwell, Scotland, msalaba wa karne ya 8 ulivunjwa miaka ya 1640 kwa amri ya baraza la kanisa, vipande vikalala sakafuni na makaburini, mpaka mchungaji Henry Duncan alipoviokota akausimamisha upya bustanini kwake 1823. Ni yule yule aliyeanzisha benki ya akiba pale kijijini 1810 kwa ajili ya maskini, watu wa vikoba mumpende. Mwaka 1887 ukaingizwa ndani ya kanisa, wakachimba shimo sakafuni ili uenee. Leo pembeni mwake runi bado zinasomeka, shairi ambamo msalaba wenyewe unasimulia ulivyombeba Kristo. Bewcastle, ndugu yake, umebaki nje mahali pake, hauna kichwa, na unapungua.

Clonmacnoise kule Ireland waliingiza ya asili ndani wakasimamisha nakala nje. Mi zamani nilikuwa napinga, naona jiwe likitolewa mahali pake limekuwa yatima, mwanga wa jua ulioliumba haulipati tena. Sasa nasema hivi: kama kila baridi inaondoka na uso wa mtu, liingizwe, nakala isimame palepale na ielekezwe vilevile, lakini kabla halijang'olewa pande zote nne zipigwe picha kwenye mwanga wake.

Ukikuta jipya, jiwe limepasuka karibuni, limeinama, limeandikwa rangi, usishike chochote wala kuokota kipande ukakiweka mfukoni eti usalama. Piga picha kipande kilipolala, mpigie msimamizi wa kanisa siku hiyo hiyo, kama ni uhalifu pigia polisi 101, kama unaendelea mbele ya macho yako ni 999, na uwaambie mwanzoni kabisa kwamba ni mnara wa kale uliolindwa, uwe na namba yake ya orodha ya taifa mkononi. Mi nazihifadhi namba zote za misalaba yangu kwenye simu, pamoja na saa jua linapofika upande wa magharibi.